Kampuni ya ukaguzi, mradi wa mfadhili au halmashauri: kulinganisha kazi tatu kabla ya kusaini

Mhitimu wa shahada ya uhasibu aliyemaliza chuo mwaka jana ana mambo matatu mbele yake kwa wakati mmoja. La kwanza ni barua ya ajira kutoka kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Dar es Salaam, yenye mshahara wa shilingi 1,100,000 kwa mwezi na sharti la kujibu ndani ya siku tano za kazi. La pili ni mkataba wa mwaka mmoja katika mradi wa afya unaogharamiwa na mfadhili wa nje, kituo Mwanza, kwa mshahara wa shilingi 1,500,000. La tatu ni usaili wa mahojiano alioufanya Dodoma wiki tatu zilizopita chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa nafasi ya Mhasibu Daraja la II, ambayo akiipata anaweza kupangiwa halmashauri yoyote nchini. Mfano huu nimeutunga na mishahara yake nimeikadiria, lakini aliyewahi kukaa upande wa kuajiri atautambua mara moja, kwa kuwa kila msimu wa mahafali unapopita barua za namna hii hufika mezani kwa wingi, na majibu yake huwa ya kila aina.

Nitalinganisha kwa sheria na makato ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, kwa hiyo msomaji wa huko abadilishe tarakimu na kubaki na njia ya kupima.

Wengi huanza kwa kuuliza ni kazi ipi inayolipa zaidi. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa hesabu, ila ningelitanguliza jingine: kati ya hizi tatu, ni ipi ninayoweza kuitoka bila kuharibu jina langu endapo nitagundua nimekosea, na ni ipi ambayo nikiikataa leo bado nitaweza kuiomba tena baadaye? Mshahara wa mwaka wa kwanza hubadilika, lakini mlango uliojifungia mwenyewe hukaa umefungwa kwa muda mrefu.

Kazi mbili na tumaini moja

Kabla ya kulinganisha chochote, mhitimu aweke kila jambo mahali pake. Barua ya kampuni ni ofa: akiisaini, mkataba umekwisha kufungwa hata kama siku ya kuripoti ni mwezi ujao. Hati ya mradi nayo ni ofa, ila ina tarehe mbili, ya kuanza na ya kumalizika. Usaili wa Dodoma haujawa ofa ya namna yoyote. Hata msailiwa akiwa na hakika kwamba alijibu maswali yote vizuri, anachosubiri ni tangazo la kuitwa kazini, ambalo halina tarehe inayojulikana mapema, na anaweza kufaulu usaili bila kupangiwa kituo kwa sababu nafasi zimekwisha. Wa namna hiyo jina lake huhifadhiwa kwenye kanzidata, na ndiyo maana matangazo mengi ya kuitwa kazini hueleza kwamba orodha inajumuisha pia watu wa usaili uliopita.

Tofauti hii inaonekana ndogo kwenye maandishi, lakini ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu husema "nina kazi tatu, sijui nichague ipi", kisha anaanza kulinganisha mshahara wa kampuni na mshahara wa serikali kana kwamba zote zimelala mezani. Anacholinganisha kwa kweli ni kazi iliyopo na uwezekano wa kazi. Uwezekano una thamani yake, sikatai, ila thamani hiyo ipimwe kwa jinsi atakavyoishi wakati anasubiri, na kwa jibu la swali la kama kusubiri kwenyewe kunamtaka akatae chochote. Mara nyingi hakumtaki, kama tutakavyoona.

Fedha baada ya makato

Kampuni na mradi vyote huchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi mpaka asilimia 10. Mtumishi wa umma huchangia PSSSF, ambako yeye hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 15. Kodi ya mapato huhesabiwa baada ya kuondoa mchango huo: shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, na kinachozidi hapo asilimia 30. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mtumishi wa umma hukatwa pia asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF.

Tuchukulie kwamba mshahara wote ulioandikwa ni wa msingi na kwamba halmashauri ingemlipa shilingi 900,000. Katika kampuni, kwenye 1,100,000 zinatoka 110,000 za NSSF, 125,500 za kodi na 165,000 za mkopo, naye anabaki na 699,500. Katika mradi, kwenye 1,500,000 zinatoka 150,000, kisha 233,000, kisha 225,000, naye anabaki na 892,000. Katika halmashauri, kwenye 900,000 zinatoka 45,000 za PSSSF, 91,750 za kodi, 135,000 za mkopo na 27,000 za bima, naye anabaki na 601,250.

Hapo ndipo pengo linapobadilika sura. Kampuni ilikuwa mbele ya halmashauri kwa shilingi 200,000 kwenye karatasi, lakini mkononi ni 98,250 tu. Tuseme chumba cha Dar es Salaam ni 150,000 kwa mwezi na chumba cha mji mdogo wa mkoani ni 60,000. Pengo limebaki shilingi 8,250, na bado hatujahesabu nauli ya daladala asubuhi na jioni, wala kwamba mwenye nyumba wa mjini huenda akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Kuna jambo la ziada lisiloonekana kwenye hati ya mshahara: kila mwezi mwajiri wa umma angemwekea 135,000 kwenye mfuko wa hifadhi, wakati kampuni ingemwekea 110,000. Ni kweli pia kwamba baadhi ya waajiri binafsi hulipa mchango wote wa asilimia 20 bila kumkata mfanyakazi, na wengine hutoa bima ya afya bila makato; haya yaulizwe kabla ya kusaini, kwa sababu barua nyingi za ajira hazitaji lolote kati yake.

Mradi ndio unaovutia kwa macho, na kwa mwaka wake mmoja unastahili sifa hiyo. Miezi 12 ya 892,000 ni shilingi 10,704,000. Lakini mkataba wa muda maalumu humalizika wenyewe tarehe yake inapofika, na mfanyakazi asipoongezewa huingia kipindi cha kutafuta. Akikaa bila kazi miezi minne baada ya mradi, fedha ile ile imegawanywa kwa miezi 16, na wastani wake ni 669,000 kwa mwezi, chini ya anachobaki nacho mwenzake wa kampuni. Kwa halmashauri angehitaji kukaa bila kazi karibu miezi sita ndipo walingane. Kwa hiyo swali la kuuliza mradi halihusu mshahara. Liwe hili: mfadhili ni nani, na fedha zimekwisha kuidhinishwa hadi mwezi gani? Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na katika siku chache miradi mingi iliyotegemea USAID ilisimama, Tanzania ikiwemo. Tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika hilo likaacha rasmi kuendesha programu zake. Watu waliokuwa na mikataba halali, yenye sahihi na mihuri, walirudi nyumbani. Silisemi hili ili kuwatisha vijana na kazi za miradi, kwani nyingi hufundisha nidhamu ya hesabu ambayo hutaipata kwingine, ila mtu asihesabu mwaka wa pili ambao hakuna aliyemwahidi.

Neno moja kuhusu muundo wa mshahara. Barua inayogawa 1,100,000 kuwa mshahara wa msingi wa 700,000 na posho za 400,000 si sawa na ile inayoandika yote kuwa ya msingi. Makato ya mkopo yatashuka hadi 105,000, jambo linalopendeza mwezi wa kwanza, lakini malipo ya muda wa ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo kinachopatikana leo hulipwa kesho.

Kinachoweza kutenguliwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inasema katika kifungu cha 41 kwamba notisi ya kuvunja mkataba katika mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7 kwa uchache, na baada ya hapo ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Notisi hiyo inawabana wote wawili, mwajiri na mwajiriwa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 35, haimpi aliyefanya kazi chini ya miezi sita ile kinga ya kuachishwa isivyo halali ambayo wenzake waliotangulia wanayo. Maana yake ni kwamba miezi ya mwanzo ni mepesi kwa pande zote: mhitimu anaweza kutoka kwa notisi fupi, na mwajiri naye hajafungwa sana. Anayeingia kampuni akijua hivyo hana sababu ya kuona kwamba ameuza miaka yake yote kwa sahihi moja, mradi tu ameangalia kama mkataba una sharti la kurudisha gharama za mafunzo akiondoka mapema. Sharti hilo lipo katika baadhi ya mikataba ya kampuni zinazowalipia vijana mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na ndilo linalofanya mlango wa kutokea uwe na bei.

Utumishi wa umma umejengwa kwa namna tofauti, na hapa kuna jambo ambalo wahitimu wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuripoti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hurudia kila mara kwamba watumishi walioko katika nafasi za kuingilia, yaani ngazi ya kuanzia ajira, hawatakiwi kuomba nafasi nyingine za kuingilia, kwa mujibu wa waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Mhasibu Daraja la II aliyeripoti katika halmashauri moja hawezi mwaka unaofuata kuomba nafasi ya Mhasibu Daraja la II katika taasisi nyingine ya umma kwa sababu tu iko karibu na nyumbani au ina posho nzuri zaidi. Njia yake ni uhamisho, na uhamisho una foleni yake. Kwa upande mwingine, aliyeko kampuni binafsi anaendelea kuomba kila tangazo linalomfaa, na kikomo cha umri ambacho matangazo mengi hutaja ni miaka 45.

Ukiziweka pamoja kwa kipimo hiki, picha ni tofauti na ile ya mshahara. Kutoka kampuni kwenda serikalini njia iko wazi kwa miaka mingi. Kutoka mradini pia iko wazi, na mara nyingi mkataba wenyewe humtoa mtu bila kumwuliza. Kutoka serikalini kwenda kampuni inawezekana, lakini kutoka nafasi moja ya kuingilia serikalini kwenda nyingine kama hiyo kumezuiliwa. Kwa hiyo kazi inayohitaji kufikiriwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuipokea ndiyo ile ambayo familia nyingi huipokea kwa vigelegele bila kufikiri hata kidogo. Silisemi kwa dharau. Mama yangu mwenyewe aliita majirani niliposema nimeitwa Dodoma, na ilikuwa usaili wa mchujo tu.

Kwa upande wa kujifunza sitakaa sana. Katika kampuni ya ukaguzi kijana huona vitabu vya biashara nyingi ndani ya mwaka mmoja, kuanzia kiwanda hadi hoteli, na kazi humzidia kati ya Januari na Juni, wakati wateja wanafunga hesabu za Desemba na ritani za kodi zinadaiwa. Katika halmashauri huona taasisi moja kwa kina: bajeti inayoanza Julai 1, malipo yanayopita katika MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, hesabu zinazofungwa Juni 30 na hoja za Mkaguzi Mkuu zinazokuja baadaye zikitaka majibu. Katika mradi hujifunza lugha ya ripoti za mfadhili. Anayetaka kuwa mkaguzi akaanze kwenye ukaguzi. Asiyejua bado anataka nini, nako kuna faida ya kuona vitabu vya watu wengi.

Namna nne za kujibu, na gharama ya kila moja

Ofa mbili zikiwa mkononi na matokeo ya tatu hayajatoka, mhitimu ana njia nne za kawaida: kuomba muda, kutumia ofa moja kupandisha nyingine, kusaini zote kimya kimya, au kuchagua moja na kuwaarifu waliobaki.

Kuomba muda ndiko kunakoogopwa zaidi, na ndiko kusikostahili hofu. Waajiri wachache sana hufuta ofa kwa sababu mtu ameomba siku nne kwa adabu. Wanachokichukia ni ombi lisilo na tarehe, lile la "naomba nifikirie kidogo", au ombi linaloletwa saa kumi jioni ya siku ya mwisho. Ombi zuri hufika mapema, hutaja siku moja, huomba mara moja tu, na humwachia mwajiri nafasi ya kusema hapana. Kwa barua iliyopokelewa Jumatatu tarehe 4 ikitaka jibu tarehe 11, maneno yanaweza kuwa haya:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu, nashukuru kwa barua ya ajira ya tarehe 4, ambayo nimeisoma yote. Nina ofa nyingine ninayoilinganisha na ya kwenu, nami ningependa kuwapa jibu ambalo sitalibadilisha. Kwa hiyo naomba kuongezewa muda hadi Ijumaa tarehe 15. Ikiwa ratiba yenu hairuhusu, naomba nijulishwe ili nijibu ndani ya muda wa awali."

Hakuna haja ya kumtaja mwajiri wa pili wala kiasi anachotoa. Haifai pia kuomba muda hadi matokeo ya Sekretarieti yatoke, kwa sababu hakuna ajuaye yatatoka lini, na mwajiri anayesikia hivyo ataelewa kwamba kampuni yake inafanywa kituo cha mabasi.

Kutumia ofa moja kupandisha nyingine kunategemea unaongea na nani. Serikalini hakuna mazungumzo: ngazi ya mshahara imeandikwa kwenye tangazo, na afisa utumishi hana mamlaka ya kuiongeza hata akitaka. Mradi una bajeti iliyokwisha kupitishwa na mfadhili, kwa hiyo mshahara husogea kidogo sana, lakini tarehe ya kuanza au gharama za kuhamia Mwanza zinaweza kuzungumzika. Kampuni binafsi ndiyo yenye nafasi halisi ya kuongeza, na hapo mhitimu aseme ukweli mtupu: kwamba ana ofa ya mwaka mmoja yenye mshahara mkubwa zaidi, kwamba angependelea kampuni, na kwamba angeomba waangalie kama kiwango kinaweza kufika shilingi fulani. Akijibiwa hapana, mazungumzo yameishia hapo. Anayetaja ofa ambayo haipo amejiweka mahali pabaya, kwa sababu jibu rahisi la mwajiri ni "basi, kachukue hiyo".

Kusaini zote ni njia ambayo watu huitetea kwa kusema kwamba waajiri nao hawana huruma. Tuache maadili pembeni kwa muda na tuangalie utaratibu. Namba ile ile ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ndiyo iliyofungua akaunti yake ya Ajira Portal, mtandao wa maombi ya kazi serikalini, na ndiyo iliyompa TIN, namba ya mlipakodi. Mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ya Mikopo ndani ya siku 28 anapomwajiri mhitimu. Mtu mwenye sahihi mbili atajulikana, na atajulikana na watu wa hesabu, ambao taaluma yao ni kuona kitu kilichoandikwa mara mbili. Zaidi ya hayo, siku anayoshindwa kuripoti, nafasi ile imekwisha kufungwa kwa wengine: yule wa pili kwenye orodha ya usaili, ambaye naye ni mhitimu mwenye kodi ya chumba, amekwisha kutumiwa barua ya kumshukuru kwa kushiriki.

Njia ya nne ndiyo ninayoipendekeza, na ugumu wake uko kwenye kasi. Siku ile ile unaposaini moja, mwandikie uliyemkataa. Barua ya kukataa iwe fupi: shukrani, uamuzi, na ombi la kuondolewa kwenye orodha. Isieleze kasoro za mwajiri wala isiache mlango nusu wazi kwa maneno kama "labda baadaye mkiongeza". Wadhamini watatu uliowaandika kwenye maombi waarifiwe pia, kwa simu ikiwezekana, maana wamekuwa wakipokea maswali kutoka ofisi tatu kwa niaba yako.

Jina likitoka baada ya kuripoti

Hali inayowahangaisha watu kuliko zote ni hii: mhitimu amesaini kampuni, ameripoti, na siku ya 20 jina lake linaonekana kwenye tangazo la kuitwa kazini, limepangiwa halmashauri. Baada ya hapo barua ya kupangiwa kituo ina muda wake wa kuripoti, na mwajiri mpya anataka vyeti halisi kuanzia kidato cha nne.

Nilikuwa mjumbe wa jopo la kuajiri kwa miaka kadhaa, na katika wote waliotuacha mapema ninayemkumbuka ni msichana aliyekuja siku ya kumi na mbili akiwa na barua ya notisi ya siku saba. Tuliudhika, sitaficha. Lakini barua ilikuwa sahihi kisheria, alikabidhi faili alizokuwa nazo, na alituambia kwamba aliomba nafasi hiyo ya serikali miezi minane kabla ya kukutana nasi. Kwenye usaili tulikuwa tumemwuliza kama ana maombi mengine yanayosubiri, naye akajibu ndiyo; kosa la kusahau lilikuwa letu. Mwajiri akiuliza swali hilo, jibu la kweli hugharimu kidogo sana wakati ule na huokoa mengi baadaye. Asipouliza, mhitimu halazimiki kusoma orodha ya maombi yake yote.

Kwa mhitimu wa mfano wetu, asiyekuwa na wazazi wanaomtegemea kwa mwezi huu na anayetaka kuwa mkaguzi, ningesaini kampuni, ningeuandikia mradi siku hiyo hiyo, na ningeacha usaili wa Dodoma ufuate mkondo wake. Kama angekuwa na wadogo wawili wa kulipia ada Januari, ningemwelewa akichukua mradi, ilimradi aweke akiba ya miezi mitatu tangu mshahara wa kwanza. Na jina likitoka, alinganishe upya kwa tarakimu za halmashauri aliyopangiwa, pamoja na kile kizuizi cha nafasi za kuingilia, badala ya kufunga begi usiku ule ule. Akiamua kwenda, notisi aikabidhi mkononi na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Aombe pia hati ya utumishi, ambayo kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri aitoe ajira inapokoma, hata kama ajira yenyewe ilikuwa ya wiki tatu na siku chache.